Jiwe la Ufito Mweupe

Baba mdogo alikuwa fundi wa fimbo za pool, na mimi nilimsaidia kupiga msasa. Watu hudhani kazi yetu ni kukereza. Kazi ni kuchagua. Ufito wa mbele, ule unaoteleza juu ya vidole na kugonga mpira, aliuviringisha kwanza mezani aone kama umepinda. Kisha alitazama nyuzi za mbao, kama zinatoka ncha hii hadi ile bila kukatika njiani. Mwisho aliudondosha wima sakafuni, akasikiliza. Ufito mzuri hulia. Mbovu husema "bu", naye humrudishia muuza mbao: "Huu kapikie."

Alikuwa na sharti moja. Kila ufito ulipofika, aliutafutia jiwe la uzito uleule, akavifunga pamoja kwa uzi na kuvitundika darini. Mti hukauka ukawa mwepesi, jiwe halikauki. Siku ya kupima tena, jiwe likishuka kwenye mizani, ufito uko tayari. "Mti usioshindwa na jiwe lake hauguswi," alizoea kuniambia.

Ufito mweupe ulikuja pamoja na wenzake, mchana wa kawaida, mimi nikiwa hoi kwa kazi. Muuza mbao mwenyewe hakukumbuka ulitoka kwenye gogo gani. Haukuwa na doa. Baba mdogo alipoudondosha ulilia, na hata alipoudaka uliendelea kulia mkononi mwake.

"Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti," nilimtania.

"Huu nje mti, ndani mti. Unataka nini tena?"

Siku ya kuupima ilipofika, jiwe lilipanda, ufito ukashuka. Tukapima fito nyingine, mawe yao yakashuka vizuri. Tukaurudisha ule. Jiwe likapanda.

"Mizani nayo imechoka, kama sisi," alisema, akauweka mezani na kuchukua randa. Nilitaka kumkumbusha sharti lake, lakini alikuwa akiutazama kama bwana harusi. Nikachukua msasa.

Aliukereza, akaupiga msasa, vumbi likajaa miguuni. Ufito ulipungua unene na kuzidi uzito. Baba mdogo naye akaanza kuchoka. Uchovu wa kazi naujua, ninao mpaka leo. Wake ulikuwa mwingine. Alishindwa kuinua kikombe cha chai. Alitoboa tundu jipya kwenye mkanda wake kwa msumari, kisha jingine. Hospitali walimpima, wakasema ni mzima, apumzike tu.

Mama mdogo, mkewe, alinivuta nje ya karakana.

"Jana kasinzia kitini," alininong'oneza. "Nimembeba peke yangu hadi kitandani. Kama mtoto, mwanangu. Ule mti unammaliza. Ukate."

"Atakasirika."

"Akasirike akiwa hai."

Niliogopa sana. Lakini baba mdogo ndiye aliyenilea. Nikaingia. Alikuwa amelala kwenye kiti chake, jua la mchana likimpiga magotini. Nikaubana ufito kwenye meno ya jiliwa. Nikaweka msumeno karibu na ncha. Nikavuta mara moja.

Baba mdogo akapiga ukelele.

Hakuamka. Mama mdogo alikimbia, akamvua kiatu. Kisiginoni palikuwa na mkato. Mwembamba. Umenyooka. Haukutoa damu. Ulitoa vumbi jeupe la mbao.

Nikauweka msumeno chini. Kuukata ni kumkata yeye. Kuuacha ni kumwacha aishe. Tulikaa pale hadi jua likahama magotini pake.

Aliisha kidogo kidogo, bila maumivu, kama aliyechoka akapata pa kulala. Siku ya mazishi wabeba jeneza walitazamana. Mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini kama tumehakikisha marehemu yumo.

Niliporudi karakana, ufito ulikuwa bado kwenye jiliwa. Alama ya msumeno ilikuwa imejifunga. Nikaushika kwa kitambaa na kuutafutia jiwe jipya. Yale ya kawaida yote yalipanda. Nikachukua lile kubwa tulilokuwa tukizuilia mlango, ndipo mizani ikatulia.

"Tuuchome?" nilimuuliza mama mdogo.

"Na kama yumo?"

Tukautundika darini kwa kamba pamoja na jiwe lake, na tangu siku hiyo sikuugusa hadi leo. Nachagua fito nyingine. Naziviringisha, nazidondosha, nasikiliza. Nachoka mapema siku hizi, nasema ni umri.

Leo asubuhi kamba ilikatika, nikaona heri niupime kabla ya kuurudisha. Jiwe la mlango likapanda.

Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni na chai yangu. Hakuitazama mizani. Alinitazama kiunoni.

"Mwanangu," alinong'ona, "hilo tundu kwenye mkanda umelitoboa lini?"

Sijatoboa tundu lolote.