Siku ya Kuonekana

Soko la Chake Chake lilikuwa halipitiki. Zilibaki siku mbili kufika Idd, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mkuu wa 2015, na ungedhani kila mwanamke wa Pemba amekuja kununua kitambaa saa ile ile. Tatu Khatib, fundi cherehani kutoka Vitongoji, alikuwa ameshika ncha ya kitambaa cha hariri cha rangi ya zambarau, kipande cha mwisho dukani. Ncha ya pili ilikuwa mkononi mwa mtu mwingine.

"Dada, hiki nimekishika mie mwanzo," alisema Tatu.

"Kukishika si kukinunua," akajibiwa.

Aliyejibu alikuwa mrefu, amevaa baibui jeusi lenye nakshi za fedha mikononi, ananukia udi. Aliitwa Widad. Alikuwa muuza dawa katika duka moja la barabara kuu, binti wa nyumba ya Kiarabu ambayo mashamba yake ya mikarafuu yalikwisha zamani, likabaki jina.

"Haya, kinunue," Tatu akasema. "Lakini fundi mwingine atakuharibia."

"Na weye huniharibii?"

"Njoo uone."

Alikuja kazini kwa Tatu baada ya Idd. Tatu alimzungushia futi kifuani, akasita.

"Pumua."

"Napumua."

"Hupumui. Kifua hakitembei."

"Basi ondosha mkono wako nipumue."

Tatu hakuuondosha. Kitambaa kiligeuka magauni mawili, moja la Widad na moja lake mwenyewe. Tangu hapo Widad hakukosa sababu ya kupita kwa fundi: mara kifungo, mara upindo, mara hana hata uwongo wa kusema.

Mwezi wa Aprili uliofuata alimpigia simu kutoka kazini.

"Roho yangu, kuna jambo nimelisoma. Dunia imewawekea siku wanawake kama sisi."

"Kama sisi vipi? Mafundi?"

"Usijitie ujinga! Wanawake wanaopenda wanawake. Inaitwa siku ya kuonekana. Huko kwao wanatoka barabarani, wanavaa wanavyotaka, wanakula keki."

"Lini hiyo?"

"Ishirini na sita Aprili."

Tatu alicheka mpaka uzi ukamkatikia. "Siku ya Muungano! Laazizi, Pemba hii nani anasherehekea siku hiyo, zaidi ya wenye maofisi?"

"Ndiyo raha yake. Kazi hakuna, na hakuna atakayetuuliza."

Walivaa magauni yao ya zambarau, wakashikana mikono kutoka Machomane mpaka Tibirinzi. Jirani wa Tatu, Bi Mwatum, alikuwa barazani kwake akichambua mchele.

"Mashaallah, kama mapacha! Mnakwenda wapi?"

"Tunasherehekea, Bi Mwatum."

"Muungano?"

"Ndiyo."

"Basi Mungu awasamehe," Bi Mwatum akasema, akarudi kwenye mchele wake.

Walicheka njia nzima. Kisha Widad akatazama nyuma walikotoka. Watu wote waliwaona wameshikana mikono, na hakuna aliyeona kitu, maana Pemba marafiki wa kike hushikana hivyo kila siku.

"Mji mzima umetutazama," alisema. "Kutuona bado."

"Unataka watuone?"

"Mara moja tu. Mtu mmoja tu aseme, hawa wanapendana."

Mwaka wa pili walipiga picha pamoja, bendera zikipepea nyuma yao. Widad aliituma kwa simu ya Tatu na maneno mafupi: *Siku yetu. Mie na mke wangu.*

Mwaka wa tatu, wiki moja kabla ya siku yao, Bi Zuweina, mama yake Widad, aliingia kwa fundi amekumbatia mfuko.

"Assalaam alaykum, mwanangu."

"Waalaykum salaam, Bi Zuweina. Karibu uketi."

"Siketi, nina mbio. Nimekuletea kitambaa cha gauni la harusi la Widad. Wamenitajia mafundi, nimewakataa wote. Nani anavijua vipimo vya mwanangu kuliko weye?"

"Harusi?"

"Hajakwambia? Mtoto huyu haya zitamuua! Anaolewa na Maher, mtoto wa ami yake, aliyeko Maskati. Wiki mbili zijazo."

Tatu akatoa hongera. Hakujua ilipotoka. Bi Zuweina alipoondoka, alikaa na ule mfuko mapajani bila ya kuufungua.

Simu ililia jioni ile, na kesho yake, na keshokutwa. Mara ya nane akaipokea.

"Tatu, nisikilize..."

"Mwambie Maher akusikilize." Akakata.

Tarehe ishirini na sita, mji umefungwa kwa sikukuu, Widad alikuja mwenyewe. Mashavu yalikuwa yamebonyea.

"Ungeniambia tu kuwa umenichoka," Tatu akasema.

"Nikuchoke weye? Nizar ameiona picha simuni mwangu. Na maneno yake."

Nizar alikuwa kaka yake. Tatu akaacha mkasi mezani.

"Amesema nini?"

"Amenipa mawili. Niolewe, au aipeleke polisi na kwa baba yako Vitongoji. Nikamwambia, nipeleke mie peke yangu. Akasema pichani mko wawili."

Kwa sheria ya Zanzibar, kosa lile lilikuwa na kifungo cha hadi miaka mitano. Lakini Tatu hakufikiria jela. Alimfikiria baba yake, mwalimu wa chuo cha Kurani, na watoto wanaokuja kwake na misahafu yao kila asubuhi. Nani angemwachia mtoto tena?

"Tukimbie. Twende Tanga."

"Siku nitakayokimbia, Nizar yuko kwa baba yako kabla boti haijafika. Nimelifikiria kila upande, habibti. Nimelifikiria mpaka kichwa kinaniuma."

"Kwa hiyo umekubali."

"Sikukubali. Nimenyamaza tu, nao wakaita ndiyo."

Tatu alimshika uso kwa mikono miwili. "Nisamehe kwa zile simu."

"Nisamehe kwa ile picha."

Walikaa wamekumbatiana mpaka Tatu akajifuta macho kwa pindo la mtandio.

"Vua baibui nikupime."

"Vipimo vyangu si unavyo?"

"Umekonda."

Gauni alilishona mwenyewe, shanga moja moja. Siku ya harusi alikalishwa mbele na wanawake wa nyumba ile. Bi Zuweina akamkumbatia mbele ya wote, akasema huyu naye ni mwanangu. Mji mzima ulimpongeza Tatu kwa gauni. Alitabasamu mpaka taya zikamuuma.

Jumatatu Widad aliondoka kwa ndege ya asubuhi. Tatu hakwenda kumsindikiza. Alifungua kazi kama kawaida, akakaa kwenye cherehani. Bi Mwatum akaingia na kanga ya kupindwa.

"Una nini, mwanangu? Macho yamevimba hivyo!"

"Mafua, Bi Mwatum."

"Maskini. Pole, mwanangu. Pole sana."

Hakuna mwingine aliyempa pole. Tatu akainamisha kichwa juu ya cherehani, akalia kwa kwikwi. Bi Mwatum akamsugua mgongo, akamsugua tena, kisha akatoka mbio kwenda kumchemshia tangawizi.