Wanda wa Nani?

Kila siku baada ya shule Mardhiya alipita njia ya nyuma ya soko la Dunda. Njia ya mbele ilikuwa fupi zaidi, lakini ilipita kwenye baraza la Bi Hafidha, na barazani pale walikaa wanawake saba wakisuka ukili, ile mikanda ya majani inayoshonwa ikawa mikeka. Kuwapita wanawake saba kulitaka shikamoo saba, na baada ya shikamoo yalifuata maswali. "Mama yako hajambo? Anarudi lini kutoka Msata?" Swali la pili Mardhiya hakuwa na jibu lake, kwa hiyo alizunguka.

Nyumbani alikuta mlango umerudishwa na chakula kimefunikwa kwa kawa. Bibi yake, Bi Mwanaharusi, alikuwa barazani na wenzake hao saba tangu sala ya adhuhuri, na hangerudi mpaka magharibi inakaribia. Mardhiya alikula peke yake, akaosha sahani peke yake, akafanya hesabu zake peke yake. Siku nyingine alijisomea kwa sauti kubwa, si kwa sababu somo lilikuwa gumu, bali ili nyumba isiwe kimya mno.

Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Mwaka mmoja nyuma alikuwa akiishi Vigwaza na wazazi wake. Baba alipofariki, mama alipata kazi ya kupika kwenye mgahawa huko Msata, pale mabasi na malori yanaposimama, akamleta Mardhiya Bagamoyo kwa bibi mzaa mama. Alikuja kumwona mara moja kwa mwezi. Shuleni, wenzake wa darasa la sita walikuwa wanajuana tangu utotoni. Hawakumfanyia ubaya wowote. Walimsahau tu, na kusahauliwa kunauma kuliko watu wanavyodhani.

Kazi ya Bi Mwanaharusi pale barazani ilikuwa kuchana miyaa. Miyaa ni majani makavu yanayosukiwa mikeka, na kabla ya kusukwa lazima yachanwe yawe na upana mmoja. Yasipolingana, ukili unakwenda mrama na mkeka unapinda. Bibi alichana kwa ncha ya kisu na kwa macho yake. Kwa miaka mingi macho hayo yalitosha, lakini mwaka huu yalikuwa yameingia ukungu. Mardhiya alimwona akisogeza mwaa mmoja karibu na pua, akikosea, kisha akiuficha ule ulioharibika chini ya mkeka kama mtoto aliyevunja kikombe.

Jioni moja Mardhiya alimpelekea bibi miwani aliyoisahau nyumbani. Kabla hajafika kwenye kona ya baraza alisikia sauti ya mwanamke mmoja ikisema, "Mwanaharusi yumo ndani anatawadha, ngoja niseme. Bora tutafute mtu mwingine wa kuchana. Tutamwambiaje, mimi sijui." Mardhiya alisimama pale na miwani mkononi. Aliijua nyumba yao saa tisa alasiri, jinsi inavyokuwa. Alifikiri juu ya bibi yake akiachwa ndani yake kutwa nzima, siku baada ya siku, naye akaogopa.

Wiki ileile Mwalimu Masoud, aliyewafundisha sayansi, alitangaza kwamba mgeni angekuja shuleni. Aliitwa Bi Mize, mwenye karakana ya kutengeneza mashine za kukunia nazi. "Atatueleza safari yake," alisema Mwalimu Masoud, "na atatazama vitu mlivyobuni nyinyi wenyewe. Sitaki mtu aniletee gari la makopo. Leteni kitu kinachomsaidia mtu mnayemjua."

Mardhiya alimjua mtu huyo. Siku hiyohiyo aliokota kipande cha mbao nyuma ya duka la fundi seremala. Alivunja nyembe katikati, akazipanga kwenye mbao kwa nafasi sawa, akazibana kwa misumari midogo. Mwaa ukipitishwa hapo na kuvutwa, ungetoka umechanika vipande vinavyolingana, na anayevuta hahitaji kuona vizuri. Alikiita kichanio. Kilimkata vidole mara nne kabla ya kukubali kufanya kazi.

Naila, msichana aliyekaa naye dawati moja, aliziona plasta vidoleni mwake. "Unatengeneza nini?" aliuliza. "Nije nikushikie? Baba ana tupa na koleo."

"Sitengenezi kitu," alijibu Mardhiya. Aliogopa kuibiwa wazo lake. Aliogopa zaidi kuchekwa, kwa kuwa yeye alikuwa mgeni na Naila alikuwa na marafiki wengi wa kucheka nao. Naila akainua mabega, akageukia upande wa pili. Mardhiya akarudi nyumbani kwa njia yake ya nyuma, akaendelea na kazi chini ya dirisha la uani, pale ambapo hapakuwa na mtu wa kumwona.

Jambo moja tu alimuuliza bibi yake, tena kwa hila. "Bibi, miyaa ya mkeka wa kawaida inakuwa na upana gani?"

"Nusu wanda," alijibu Bibi. Wanda ni upana wa kidole, na watu wa pwani wamepimia vidole tangu zamani. Mardhiya akaweka kidole chake kwenye rula, akaandika namba, akagawa kwa mbili. Akazisogeza nyembe mpaka zikakaa sawasawa na hesabu yake.

Wakati huo wanawake wa baraza walikuwa na kazi ya mikeka minne ya madrasa, nayo ilitakiwa kabla ya mfungo wa Ramadhani. Bibi alikuwa amechana nusu ya miyaa alipoitwa kliniki ya macho. Alipoondoka asubuhi ya Jumamosi, Mardhiya alichukua nusu iliyobaki, ambayo Bibi alikuwa ameileta nyumbani, akaipitisha yote kwenye kichanio. Hakuwahi kuona miyaa iliyonyooka namna ile. Bibi aliporudi, macho yakiwa mazito kwa dawa, aliipapasa akatabasamu.

"Umechana wewe?"

"Ndiyo, Bibi."

"Kingo zake hazina hata jino moja. Umechanaje?"

"Polepole tu," alisema Mardhiya, na kichanio akakirudisha chini ya kitanda. Alitaka kukionyesha siku ya mgeni, mbele ya watu, kikiwa kimekwisha kabisa.

Siku tisa baadaye alirudi kutoka shule akamkuta Bibi nyumbani. Alikuwa amekaa kitandani na buibui lake, kama mtu aliyeingia sasa hivi au anayetaka kutoka, lakini hakuwa anatoka. Pembeni yake palikuwa na mikunjo miwili ya ukili.

"Shikamoo, Bibi. Leo hukwenda barazani?"

"Marahaba. Nilikwenda, nikarudi." Alinyoosha ule ukili kitandani. "Hafidha alianza kushona mkeka jana. Tazama. Huu mpana, huu mwembamba. Wote una miyaa idadi moja, lakini haukutani. Mkeka umepinda kama chapati ya mwanafunzi. Wamesema macho yangu yamekwisha, nipumzike."

Mardhiya alitazama. Ukili mwembamba ulikuwa wa miyaa yake. "Uliwaambia kwamba nilichana mimi?"

"Niwaambie ili iwe nini? Wewe mtoto. Mimi ndiye niliyepewa kazi."

Tangu siku hiyo Mardhiya hakukuta tena chakula kikimngoja peke yake. Alikuta na Bibi, naye akimngoja. Walikula pamoja bila maneno, na nyumba ikawa kimya kuliko ilipokuwa na mtu mmoja. Kila baada ya alasiri, kicheko cha barazani kiliposikika, Bibi aliinua kichwa kidogo, kisha akakishusha. Mardhiya alitoa kichanio akapima upya. Ilikuwa nusu wanda barabara. Alipima mara tatu, na mara zote tatu hakuona kosa lake liko wapi. Hapakuwa na mtu wa kumuuliza, kwa kuwa hakuna mtu aliyejua anatengeneza nini.

Bi Mize alipofika shuleni hakufanana na mgeni rasmi hata kidogo. Alivaa suruali ya kazi yenye madoa ya grisi na mtandio wa kijani, na alipoanza kuzungumza hakutaja mafanikio yake kwanza.

"Mashine yangu ya kwanza nilijifungia nayo ndani miezi minane," alisema. "Inakuna nazi kwa kukanyaga kama baiskeli. Sikumwonyesha mtu. Nilisema moyoni, watu wataniiba, au watanicheka. Siku ya kuitoa nikampa mama mmoja anayeuza wali wa nazi. Akakaa, akakanyaga mara tatu, kanga yake ikanaswa kwenye mnyororo. Alinusurika kuanguka nayo. Mimi kwenye karakana navaa suruali, wanangu. Wateja wangu wanavaa kanga na mabuibui. Kwa miezi minane jambo hilo halikunijia akilini, na yeye angenieleza siku ya kwanza, kama ningemkaribisha."

Darasa lilicheka. Mardhiya hakucheka. Alihisi kama mtu amefungua mlango wa uani akamkuta pale chini ya dirisha.

Bi Mize alipita kwenye madawati akitazama vitu vya wanafunzi. Kichanio kilikuwa mkobani, na Mardhiya alikusudia kikae humo. Naila ndiye aliyesema, bila ubaya, "Mardhiya naye ana kitu. Amejikata vidole vyote."

Akakitoa pamoja na miyaa michache. Bi Mize alikigeuza huku na huku, akavuta mwaa mmoja, akasoma kingo zake kwa kidole. "Kazi nzuri. Nani anakitumia?"

"Mimi tu. Lakini kimeharibu mikeka ya watu." Ikabidi aeleze yote: bibi, miyaa, ukili mpana na ukili mwembamba. "Nilipima sawasawa. Bibi alisema nusu wanda."

"Wanda wa nani?" aliuliza Bi Mize.

Mardhiya hakuelewa. Bi Mize akaweka kidole chake juu ya dawati, kando ya kidole cha Mardhiya. Kimoja kilikuwa kinene, chenye kovu kwenye kucha. Kingine kilikuwa chembamba, cha mtoto wa darasa la sita. Mardhiya aliviangalia vile vidole viwili, na kosa alilolitafuta siku nyingi lilikuwa pale, wazi mbele ya macho ya kila mtu.

"Sasa mimi si msusi," alisema Bi Mize. "Kipimo cha kweli sikijui. Wanaokijua wako wapi?"

"Barazani."

"Basi kazi yako iko huko, haiko hapa."

Baada ya shule Mardhiya alisimama penye njia panda. Miguu ilitaka njia ya nyuma. Alimgeukia Naila. "Unaweza kunisindikiza?" Ilikuwa mara ya kwanza kumwomba mtu kitu tangu ahamie mji ule, na aliona aibu kama anayeomba chakula. Naila alisema anaweza, akaushika mkoba wa Mardhiya upande mmoja.

Walitoa shikamoo zote saba. Kabla maswali hayajaanza Mardhiya aliwahi. "Bi Hafidha, ile miyaa myembamba hakuchana Bibi. Nilichana mimi kwa hiki, bila kumwambia. Nilipima kwa kidole changu. Macho ya Bibi hayakukosea."

Bi Hafidha, mwenye baraza, hakuwa mtu wa kubembeleza. Alikichukua kichanio akakitazama kwa jicho la kununua samaki, akavuta mwaa, kisha mwingine.

"Na sisi tukamtia mwenzetu aibu," alisema taratibu. "Haya, leteni vidole."

Wote saba waliviweka kwenye ubao wa kichanio, vinono na vikavu, vyenye hina na visivyo na hina. Hakuna viwili vilivyolingana. Wanawake walitazamana. Kila mmoja kwa miaka yote alisema nusu wanda, na kila mmoja alidhani ni kidole chake.

"Hapa hakuna aliyewahi kuchana isipokuwa Mwanaharusi," alisema Bi Hafidha. "Kumbe mikeka yote iliyotoka hapa imepimwa kwa kidole chake. Sisi tunasuka tu. Mtoto, kamwite bibi yako. Hapana, kaa. Nitakwenda mwenyewe, mimi ndiye niliyemrudisha."

Akaenda. Walichelewa kidogo, na hakuna aliyejua walisemezana nini huko ndani. Walipotokea, Bi Hafidha alikuwa ameshika mkono wa Bi Mwanaharusi, na hakuuachia mpaka alipomketisha mahali pake. Bibi aliweka kidole kwenye ubao. Naila alishika ubao usicheze, Mardhiya akazisogeza nyembe moja moja. Kisha Bibi alivuta mwaa wa kwanza akiwa amefumba macho. Bi Hafidha akaulaza juu ya miyaa ya zamani. Ulikaa sawasawa.

"Ile myembamba tutashonea misala ya kuswalia," alisema Bi Hafidha. "Haipotei. Lakini sikiliza, Mardhiya, na wewe mwenzake sikiliza. Kuharibu miyaa si kosa, hata mimi nimeiharibu sana nikisuka. Kosa lako ni kutufanyia kazi sisi bila sisi kujua. Ulimpenda bibi yako, ukamtengenezea kitu, kidole chake kikiwa chumba cha pili. Ukiwa mkubwa, ukiwa fundi au mwalimu au daktari, nenda kwanza kwa mwenye kazi, ukae naye, umuulize. Utachekwa, ndiyo. Hapa tutakucheka sana. Na ukikosea, sema mapema kama ulivyosema leo, ila usingoje siku nyingi hivi."

"Nimesikia, Bi Hafidha."

"Basi kesho usituletee kitu kilichokwisha. Tuletee kilichoanza." Alijisogeza, akampigapiga mwenzake aliyekuwa kando yake ajisogeze pia, mpaka pakapatikana nafasi ya watoto wawili. "Kaeni. Mama yako hajambo? Anarudi lini?"

"Hajambo," alisema Mardhiya. Safari hii hakukimbia. "Sijui anarudi lini. Namkumbuka sana."

Hakuna aliyeuliza zaidi. Bibi alimwekea fungu la miyaa mapajani, Bi Hafidha akamwonyesha jinsi ya kuanza ukili, na alipokosea wote saba wakamcheka.