Joto la Omwenga

Jumapili ile Truphena alikuwa akianika sare za shule za bintiye Liz, huku kwetu Suna, wakati shemeji yake Orina alipomtumia ujumbe kwamba aende studio ya marehemu mumewe akatengeneze kompyuta. Akiitengeneza, yeye na mtoto wataendelea kukaa katika nyumba ya marehemu. Ikimshinda, wafungashe. Ndivyo mzee wa kanisa alivyomwandikia mjane wa ndugu yake, na Sabato ilikuwa jana tu.

Msishangae mwanamke kuitwa kazi hiyo. Mumewe, Omwenga, alikuwa akihariri video za mazishi, na kuanzia Muhuru Bay hadi Mbita watu walitaka marehemu wao wapite mikononi mwake. Kompyuta yake ilipozwa kwa maji. Pampu ndogo iliyasukuma kwenye mipira, yakapita juu ya ubongo wa mashine kubeba joto, kisha yakaenda kupoa kwenye rejeta yenye feni. Kila baada ya miezi kadhaa yalimwagwa, njia zikasafishwa, yakajazwa mengine yasiyo na chumvi, ya duka la dawa. Omwenga alimfundisha mkewe yote hayo. "Joto haliishi, mama Liz," alizoea kumwambia. "Linahamishwa tu."

Basi mtu huyo akafa akiungua. Hospitali walipima malaria, wakapima taifodi, wakapima mpaka wakachoka wasione kitu. Alikuwa akilala sakafuni bila shati na kusema kifua kinachomeka. Siku hizo mashine ilifanya kazi kutwa nzima na rejeta ikapuliza hewa baridi, na Truphena aliliona hilo asilitilie maanani. Nani hutazama kompyuta mume anapokufa? Walipomzika, Orina alichukua ufunguo wa studio, akisema ni mali ya ukoo. Hapo ndipo mashine ilipoanza kuchemka na kujizima.

Truphena akaenda. Alimwaga maji kwenye beseni, yakatoka safi. Kama maji ni safi na mashine inachemka, basi kuna mahali pameziba. Akafungua skrubu za kile kisahani cha shaba kinachokaa juu ya ubongo wa mashine, mahali palipofungwa kabisa, pasipoingia hata vumbi.

Ndani palikuwa na nywele.

Zilifungwa kwa uzi mweusi. Nyingi zilikuwa nyeusi, chache nyeupe. Omwenga alizaliwa na baka la mvi juu ya paji la uso, na Truphena alikuwa amelipapasa miaka yote ya ndoa yao. Akazifutika nywele zile ndani ya leso.

Orina akaja, akaegemea mlango. Hakuuliza mashine ina shida gani.

"Nywele umezitoa?" alisema kwa sauti ya chini.

Hakuna aliyekuwa amemtajia nywele.

"Ni uchafu tu, shemeji," Truphena akanong'ona.

"Vizuri. Endelea." Akatoka kwenda kumpokea mteja.

Hasira ilimpanda Truphena mpaka macho yakaona giza. Apige kelele? Nani atamsikiliza mjane dhidi ya mzee wa kanisa? Ukutani palikuwa na kioo, na chini ya kioo kitana cha Orina. Alikivuta. Akang'oa nywele zilizonasa humo, akazifunga kwa uzi ule ule. Akazilaza ndani ya shaba, akakaza skrubu, akajaza maji, akainamisha mashine huku na huku mpaka mapovu yakaisha. Akawasha. Akaweka kiganja mbele ya rejeta.

Hewa baridi.

Orina alifurahi, akamsifu mbele ya mteja. Kabla ya mwezi kwisha alivua koti katikati ya ibada, kisha tai, kisha akaomba maji. Hospitali hawakuona kitu. Alikufa sakafuni, kama ndugu yake, na Truphena ndiye aliyehariri video ya mazishi yake. Alidhani itakuwa tamu. Haikuwa. Omwenga alibaki kaburini, na kisasi kilimkalia rohoni kama ugali mbichi tumboni.

Studio ikarudi kwake. Sasa Orina hayupo, mashine ilipaswa kuchemka. Akangoja. Haikuchemka. Akaifungua ili atoe nywele za shemeji, akakuta kisahani kitupu. Hata uzi haukuwepo. Akafunga. Akawasha. Baridi ile ile.

Basi joto lilikuwa likienda wapi?

Liz alisimama mlangoni, sweta mkononi, na nje kulikuwa na manyunyu.

"Mama," alinong'ona. "Nasikia joto."

Truphena alichukua mchi wa kinu. Alivunja pampu, akavunja rejeta, akaiponda shaba mpaka ikakunjika. Maji yakatapakaa sakafuni, akapiga magoti kuyapapasa, akitafuta unywele mmoja tu. Hakupata.

Homa ya mtoto ilishuka, lakini haikuisha. Madaktari hawaoni kitu. Yuko shuleni na anacheza, na asubuhi za baridi wenzake hugombania kukaa karibu naye. Akinyeshewa, sare humkaukia mwilini kabla ya kengele kulia. Jioni humkimbilia mama yake na kumkumbatia, na mama ndiye anayeachilia kwanza.