Nilimnyima Binti Yangu Radhi

Sifa zote ni za Mola aliyenibakishia pumzi nikaliona kosa langu kabla sijafukiwa. Namshukuru hata kwa maumivu haya, maana nayo ni neema kwa mtu aliyekuwa haoni.

Ndugu wasomaji, nina miaka sitini na tisa. Nafundisha watoto Kur'ani hapa Kiongoroni, kwenye visiwa vya Rufiji, na watu huniita Maalim. Mke wangu alifariki akijifungua, ndani ya boti, wakimkimbiza hospitali bara. Mtoto alipona. Nikamwita Zuhura, nikamlea peke yangu.

Alipika, alifua, alinisomea kila karatasi macho yangu yalipoanza kufifia. Alipotimiza miaka kumi na minane akachaguliwa kujiunga na chuo cha uuguzi. Alitaka kuwa mkunga... mnaelewa kwa nini. Nami nilielewa. Lakini nilijiuliza, nani atanipikia? Hilo ndilo lililokuwa moyoni, ingawa mdomoni nilikuwa nikitaja maadili.

Kwetu mtoto hafungi safari kubwa bila mzazi kumwekea mkono kichwani, akamsomea Fatiha na kumwambia, "Nenda, nimekuwia radhi." Asubuhi ile maji yalikuwa yamejaa, boti inangoja. Zuhura akapiga magoti mbele yangu pale bandarini. Mkono wangu sikuuinua. Nikamwambia, watu wote wakisikia, kwamba akipanda boti ile radhi yangu hana, na dua zake hazitavuka hata paa la nyumba.

Nilijua ataogopa. Si mimi niliyemfundisha kuogopa?

Akainuka, akabeba begi lake, akarudi nyumbani. Wazee wakanisifu kwa malezi. Jirani yetu Bi Tatu peke yake ndiye aliyenicheka.

"Hongera, Maalim. Wenzio hufunga mbuzi kwa kamba, wewe mwanao umemfunga kwa Kur'ani."

Tangu siku ile sikukosa chakula wala maji ya kutawadhia. Nilikosa neno moja tu. "Maalim, chai tayari." "Maalim, kanzu yako hii hapa." Neno "Baba" hakuniita tena... Nikajidanganya kuwa ni heshima.

Mwaka haukuisha, mkulima mmoja wa Mloka, mtu mzima mwenye wake wawili, aliyekuwa akija kwetu kununua samaki wakavu, akaleta posa. Nilishtuka. Nikamwuliza Zuhura kama kweli anamtaka mtu yule.

"Ndoa ni sunna, Maalim," akanijibu taratibu. "Na hiyo nayo utaninyimia radhi?"

Sikuwa na aya wala hadithi ya kumzuia. Nikamwozesha mimi mwenyewe.

Mwezi uliopita nilimfuata huko Mloka. Nilimkuta juu ya dungu, kile kibanda cha miguu mirefu cha kulindia shamba, akipiga debe kufukuza nyani. Ana mimba kubwa, na zahanati iko mbali. Nikamwambia nimekuja kumpa radhi.

Akacheka kidogo. "Radhi ya kwenda wapi? Chuoni waliniita, sasa hawaniiti. Kaa nayo tu, Maalim."

Nikamwomba basi yeye aniwie radhi mimi.

"Nitakuwia nikijifungua salama," akasema. "Nisipojifungua salama, jibu utakuwa umeshalipata."

Kisha akashuka, akanimiminia maji ya kunawa, akanipakulia ugali, akanisindikiza hadi barabarani. Hakunikosea adabu hata kidogo... na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Mwezi huu ndio wake. Simu ikilia, nakaa chini kwanza ndipo napokea.

Wazazi wenzangu, nawasihi msiifanye dini kuwa pazia la kufichia ubinafsi wenu. Mtoto akija kuaga, mwombee na umwache aende, hata kama moyo unakuuma. Mimi nilibaki na mpishi, nikampoteza mwana.

Nawe uliyenisoma hadi hapa, Mola akuhifadhie wanao, waondoke kwako kwa heri na warudi kwa hamu yao wenyewe. Amin.