Gari Lililopashwa Moto

Nyumba ile ilijaa viti hadi mlangoni, lakini wenyewe hawakuwa na pa kukaa. Mume alikuwa fundi wa makochi. Mkewe alishona vitambaa vyake. Makochi ya watu yalisubiri sponji, yalisubiri springi, yalisubiri vifungo, na familia ilikula chakula ikiwa imekalia magunia ya mabaki ya vitambaa. "Fundi viti hakai kitini," alisema bibi, mama yake mume, karibu kila siku, na wajukuu wakacheka kila siku kama vile neno ni jipya.

Wiki hiyo hapakuwa na aliyetulia. Mwenye hosteli kubwa alikuwa amewapa kazi ya mwaka mzima, kuvisha upya viti vya vyumba vyote. Sharti lake lilikuwa moja: wavichukue wenyewe na wavirudishe wenyewe. Mpaka siku hiyo walikuwa wakikodi mkokoteni, na mvua ikiwakuta njiani, sponji ilikunywa maji kuliko ng'ombe. Sasa walihitaji gari. Akiba waliyoiweka kwa kujinyima ilitosha kununua gari moja lililotumika, na ikabaki kidogo tu. Wakikosea hapo, akiba imekwenda na kazi ya hosteli imekwenda.

Mchana mmoja mume aliingia akihema. Alikuwa ameambiwa habari za gari. Ni la familia, la dizeli, viti vya nyuma vinakunjwa, makochi mawili yanaingia bila kusukumana. Mke aliiacha cherehani sindano ikiwa bado ndani ya kitambaa. Bibi alikuwa amekwisha vaa viatu.

Kabla ya kutoka, mume alimpigia simu mwenye gari. Alimwambia wanakuja na mama mzee, basi aliwashe gari mapema, alipashe moto, wasije wakapotezeana muda. Aliona huo ndio uungwana.

Walipofika, gari lilikuwa likinguruma kwa raha zake. Mume hakufungua boneti. Alifungua mlango wa nyuma, akapiga magoti, akaanza kubonyeza viti kwa kidole gumba. Mke alipitisha ukucha kwenye mishono. Ilishonwa mara mbili, uzi mnene, kona zimelala vizuri.

"Aliyetunza viti hivi ametunza na mengine," mume alinong'ona.

Mke aliitikia kwa kichwa. Walizungushwa mitaa miwili, gari likaenda bila kukohoa. Bibi aliyekaa mbele aligoma kushuka, akasema yeye ameshahamia humo. Wakakubaliana bei. Fedha zingeletwa kesho yake mchana.

Jioni mke alikuwa tayari anakata vitambaa vya viti vya gari ambalo bado si lake. Jirani yao aliingia kuchukua ovaroli yake iliyoshonwa kiraka. Mama huyu alikuwa fundi wa injini za dizeli, na mtaa mzima ulimwita Mama Nozeli, kwa kuwa nozeli, yale mabomba madogo yanayopuliza dizeli ndani ya injini, ndiyo yaliyokuwa kazi yake kubwa. Mke alimsimulia yote bila kupumua. Mama Nozeli alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja.

"Shoga, mlipofika lilikuwa limezimwa au linaunguruma?"

"Linaunguruma. Tena baba watoto ndiye aliyeomba lipashwe moto."

Mama Nozeli alijishusha polepole juu ya gunia. "Yaani mgonjwa mmempa dawa ya homa, halafu mkaenda kumpima joto."

Akaeleza. Injini ya dizeli haina cheche ya kuwashia. Hewa hubanwa ndani yake mpaka inakuwa moto sana, na nozeli hupuliza dizeli katika hewa ile, ikawaka. Asubuhi, chuma kikiwa baridi, kuna plagi ndogo za joto za kuisaidia. Plagi zikifa, au nozeli zikichoka, gari huwaka kwa shida asubuhi. Likishapata moto, linajifanya zima kabisa. Ndiyo maana gari la dizeli hukaguliwa likiwa limelala usiku kucha.

Mke alitaka kujua ubovu wa namna hiyo unakula fedha kiasi gani. Bei za spea zilimchanganya, akaomba aambiwe kwa makochi. Mama Nozeli alicheka, akakubali. Filta ya dizeli ni faida ya stuli moja. Plagi za joto, stuli chache. Nozeli zote, faida ya kochi kubwa. Klachi, faida ya seti nzima ya makochi. Mkanda wa taiming, ule unaozungusha sehemu za injini kwa pamoja, si ghali sana, ila kama hakuna ajuaye ulibadilishwa lini, ubadilishwe kabla ya safari yoyote, maana kwenye injini nyingi ukikatika huvunjavunja vya ndani.

"Na kubwa kuliko yote?"

"Pampu ya dizeli. Tabo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini. Au gasketi ya kichwa cha injini, maji na oili vikaanza kutembeleana. Hapo gari haliwafanyii kazi tena. Nyinyi ndio mnalifanyia."

Mke alitazama kochi lililokuwa mbele yake, limevuliwa kitambaa. Mbao zake zilikuwa zimeliwa na wadudu. Mwenye kochi alilileta akisifu rangi.

"Kumbe ni kama kochi," alisema.

"Na mnaojua makochi kuliko wote ndio mkaangalia kitambaa."

Walicheka mpaka bibi akauliza kutoka chumbani ni nani anayesengenywa.

Mume hakucheka. Alisema mwenye gari ana mteja mwingine, na bahati haigongi mlango mara mbili. Mke alimjibu kwa upole kwamba hata yeye gari analitaka, tena usingizi hautampata kwa kulitaka. Lakini waende wote alfajiri pamoja na Mama Nozeli, bila simu. Mume alinuna kidogo, akakubali.

Mwenye gari aliwafungulia mlango, mswaki ukiwa mdomoni. Gari lilikuwa uani, limelowa umande. Mama Nozeli alimwambia mke aweke kiganja juu ya boneti. Baridi. Akafungua kifuniko cha rejeta, akionya kwamba hilo hufanywa injini ikiwa baridi tu, maana maji ya moto huunguza uso. Maji yalikuwa yamejaa, hayana mafuta juu. Akafungua kifuniko cha oili, akamwonyesha upande wa ndani. Kungekuwa na utando wa rangi ya chai ya maziwa, wangeaga na kuondoka. Haukuwepo.

"Shemeji, washa," alimwambia mume. "Ngoja kwanza taa ndogo ya plagi izime."

Stata ilizunguka, ikazunguka. Kimya. Mara ya pili, kimya. Mara ya tatu gari liliwaka likitetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa, na moshi mweupe ukafunika uzio na nguo zilizoanikwa.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," alisema bibi, akijifunika pua.

Hosteli, viti, mwaka mzima wa kazi, vyote mke aliviona vinapanda na ule moshi. Lakini Mama Nozeli alinyoosha kidole kwamba wasubiri. Alikuwa akitabasamu. Moshi ulipungua. Ukawa mwembamba. Ukaisha, na injini ikatulia.

Akawaeleza kwamba moshi mweupe unaonuka dizeli, kisha ukaisha injini ikipata moto, mara nyingi ni plagi na nozeli. Ungeendelea huku maji yakipungua, ingekuwa gasketi. Moshi wa bluu ni injini inakunywa oili. Mweusi mzito, dizeli imezidi hewa. Kisha akaliendesha mpaka kwenye mwinuko na kurudi, akasema klachi inashikia juu mno, siku zake si nyingi. "Gari linaumwa," alimaliza, "ila linatibika."

Mwenye gari alitema povu la mswaki. "Mimi sikuwadanganya. Hamkuniuliza linaamkaje."

Ilikuwa kweli. Akaongeza kwamba yule mteja mwingine anakuja mchana. Mkono wa mume ulianza kuelekea mfuko wa koti. Mke aliushika.

"Kaka," alisema, "bei ya jana ilikuwa ya gari la jana. Leo tumeliona jingine. Kwenye bei toa gharama ya plagi, toa ya nozeli, toa ya mkanda, toa ya klachi. Ukikataa hatugombani. Ila huyo mteja wa mchana, mwambie aje alfajiri."

Mwenye gari alimtazama, akamtazama Mama Nozeli, akaangua kicheko. Akapunguza bei ya plagi, nozeli na mkanda. Klachi alisema itakuwa juu yao, naye asiambiwe neno zaidi kabla hajasafisha kinywa. Wakapeana mikono.

Matengenezo yalifanyika kabla gari halijabeba hata stuli. Mama Nozeli alizifunga nozeli za zamani kwenye mashine ya kupimia ili mke ajionee. Moja ilidondosha dizeli kama mtoto anayetoka udenda. Mpya ilipuliza ukungu mwembamba, sawasawa pande zote. Filta na oili vilibadilishwa siku hiyohiyo. Mume na mke walipatana kwamba katika malipo ya kila kiti, sehemu moja ni ya gari, haiguswi. Klachi ilipoanza kuteleza miezi iliyofuata, fungu lake lilikuwa limeshapatikana.

Siku ya kwanza ya kupeleka viti hosteli, asubuhi ilikuwa ya baridi na mvua. Mume alisubiri taa izime, akawasha. Gari liliitika mara moja. Bibi alikaa mbele, akaagiza waongeze mwendo. Watoto walibanana katikati ya makochi makavu, wakiimba. Njia ya hosteli ilikuwa na mlima mrefu, nao waliupanda wakiwa wamejaa pomoni.

Katikati ya mlima mke aligeuka, akafuta kioo cha nyuma kwa kiganja, atazame moshi. Aliona mabati ya mtaa wao yakilowa, na barabara yote waliyoipanda, safi bila moshi mpaka chini.