Vigae Alivyochagua Mahat

"Mahat, hivi ndivyo vigae tulivyokubaliana?"

Bilan alikuwa amesimama mlangoni mwa bafu la nyumba mpya pale Galbet. Sakafu ilikuwa nyeupe pe, inang'aa kama kioo. Alikanyaga kidogo tu, mguu ukateleza, akashika ukuta.

"Nilibadilisha," mchumba wake alisema akitabasamu. "Vile vyako vya kukwaruza vinashika uchafu. Hivi, siku ya arusi wageni watajua wameingia nyumba ya mtu."

"Kwani wageni wanakuja kuoga?"

"Aah, Bilan!"

"Tulichagua vya kukwaruza kwa sababu ya Hooyo. Mama yako anatembea kwa mkongojo, macho hayaoni vizuri. Ataogea wapi?"

"Hooyo yuko Tarbaj kwa shangazi. Atapumzika huko mpaka arusi ipite."

Bilan akashangaa. Hooyo Isnino akose arusi ya mwanawe wa pekee? Mama aliyempenda Bilan hata kabla Mahat hajamwona?

Simu yake ikalia. Ujumbe ulitoka kwa Ramlo, dadake Mahat:

"Abaayo, dada yangu, nimeshindwa kunyamaza. Hooyo hakwenda Tarbaj, yuko kwangu. Alianguka kwa bafu lenu jipya. Leo ni siku ya sita hainuki. Mahat amekataza asipelekwe hospitali mpaka arusi ipite."

Bilan aliusoma kwa sauti, neno kwa neno.

"Ni kweli?"

"Ni uvimbe tu. Nimemnunulia dawa za maumivu."

"Siku sita, Mahat!"

"Ulitaka nifanye nini? Wageni wanatoka mpaka Griftu. Niahirishe, watu waseme nyumba yangu ina mkosi? Mzee ni mzee. Akipona atatumia bafu la mabati kule nje."

Akamshika bega. Bilan aliutazama ule mkono, na saa yake mpya, akausukuma mbali.

"Usiniguse."

"Mpenzi wangu..."

"Usiniite hivyo! Wallahi, nataka kutapika."

Kwa Ramlo, mama wa watu alikuwa amelala kwenye godoro chini, paja limefura, shuka limelowa mkojo. Bilan hakuziba pua. Alipiga magoti, akamsafisha, akambadilisha nguo. Iliyomchafua roho ilikuwa harufu ya manukato ya Mahat, iliyokuwa bado begani mwake tangu alipomshika.

Wakakodi gari mpaka hospitali. Daktari alipoiona picha ya eksirei alitikisa kichwa: nyonga imevunjika, lazima apasuliwe.

Mahat alipiga simu mara saba. Haikupokelewa. Akaandika: "Nisamehe. Kesho naita fundi avibomoe vigae vyote."

Bilan akajibu: "Bomoa au acha. Mimi siingii humo tena. Mahari yenu wazee watairudisha."

Jioni dawa zilimpa Hooyo nafuu. Akafumbua macho, akaviona vidole vya Bilan.

"Binti yangu, arusi si Ijumaa? Mbona hujapaka hina?"

"Hakuna arusi, Hooyo."

Machozi yakamtiririka yule mama mpaka kwenye mto.

"Umemwacha mwanangu kwa ajili yangu?"

Bilan akamfuta kwa ncha ya shela yake.

"La, Hooyo. Kwa ajili yangu. Mimi pia nitazeeka."