Mkate Ulioandikwa Jina la Malale

Treni ya Tabora ilikuwa imefika Mpanda, na stesheni ikachemka kwa magunia, kuku na watu walioitana. Katikati ya vurumai ile Vestina, kitenge cha njano kiunoni, beseni la mikate kichwani, akapigwa kikumbo na kijana mrefu. Mkate mmoja ukaanguka.

"Pole dada, nitaulipia." Akaupangusa, akaumega, akatafuna. "Mtamu! Ila chini umeungua."

"Kaka, umeuangusha, umeula, sasa unautia kasoro?"

"Kasoro ni ya tanuri. Naitwa Malale, fundi uashi. Nipeleke nilione."

Akampeleka kwao, mtaa wa Misunkumilo. Malale akalijenga tanuri upya kwa udongo wa kichuguu, kazi ya wiki moja, lakini miezi mitatu baadaye bado alikuwa anakuja. Vestina alikanda unga kwa chachu ya ndizi mbivu, ujuzi wa bibi yake aliyetoka nao Burundi.

"Mama Mikate, nikande na mimi," Malale alimtania.

"Wewe mgumu, hutaumuka!"

Mwaka huo, 1996, yalitangazwa maonyesho ya wakulima na mafundi huko Tabora. Mama yake Vestina akaugua, hivyo mikate ikasafiri na Malale. Siku ya nne redio ikatangaza: mkate bora ni wa Malale Manyanda wa Mpanda.

Vestina alijiona kama aliyevuliwa nguo sokoni. Alipoitwa kwenye simu ya parokia, alikuta ni Malale.

"Vesti, mpenzi, sikiliza..."

"Miaka saba nakanda, leo mkate ni wako?" Akakata.

Treni ya kwanza ikaja bila Malale, na ya pili vilevile. Majirani wakanong'ona kwamba yule fundi Msukuma kaondoka na zawadi ya mshindi. Vestina akaendelea kuoka, macho mekundu, akisingizia moshi.

Wiki ya pili Malale akaingia uani, vumbi hadi kwenye kope. Akampa cheti. Jina la Malale lilikatwa kwa kalamu, likagongwa mhuri, na chini yake pameandikwa: Vestina Salvatori, mwokaji.

"Karani aliandika jina la aliyeleta. Nimekaa mlangoni kwa waandaaji siku tisa mpaka wakanichoka."

"Na wangekataa?"

"Ningekuwa bado niko mlangoni."

Vestina akacheka huku machozi yakimtoka. "Ukienda kwa baba utasema nini?"

"Kwamba nataka mwokaji bora."

"Mikate ina wateja wake. Sema unayemtaka."

Jumapili Mzee Salvatori alimuuliza kijana yule shida yake. Malale akajibu, "Namtaka Vestina, mzee."

Nyuma ya pazia Vestina akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, asije akapiga vigelegele vya posa yake mwenyewe.